Nani Aliutoa Muziki wa Soul Kanisani?

Desemba 1956 kijana wa miaka 25 aliingia studio mjini New Orleans akarekodi wimbo wa mapenzi uitwao "Lovable". Kampuni ya Specialty iliutoa kwa jina la Dale Cook, lakini hakukuwa na mtu wa jina hilo. Aliyeimba ni Sam Cooke, mwimbaji kiongozi wa Soul Stirrers, kundi la injili lililokuwa likijaza makanisa na kumbi za Wamarekani weusi. Wimbo wenyewe nao haukuwa mpya. Ulikuwa "Wonderful", wimbo wa kumsifu Mungu ambao kundi lake lilikwisha kuurekodi, ila sasa anayesifiwa ni msichana. Jina la bandia halikumficha. Waliozoea kumsikia Jumapili waliitambua sauti mara moja, na wengi walikasirika.

Ukizisikiliza rekodi hizo mbili leo, moja baada ya nyingine, hasira ile inashangaza. Sauti ni ileile, na tuni ni ileile kwa sehemu kubwa. Kilichobadilika ni yule anayeimbiwa. Sasa dhambi ilikuwa wapi?

Jibu lililozoeleka linasema hivi: palikuwa na injili, kongwe na safi, kisha vijana wenye njaa ya fedha wakachukua ufundi wake wakaupeleka baa, ikazaliwa soul, muziki wa kidunia wenye sauti ya kanisani. Ray Charles, mwimbaji na mpiga piano, aliiba, Sam Cooke alikengeuka, Aretha Franklin akavikwa taji. Simulizi hiyo ina ukweli, lakini ni nusu yake tu. Nusu inayorukwa ni kwamba injili nayo ilitoka baa, na ilipobisha hodi kanisani kwa mara ya kwanza ilifukuzwa mlangoni.

Mpiga piano wa Ma Rainey

Thomas A. Dorsey alizaliwa mwaka 1899 Villa Rica, jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa mhubiri. Kijana alijifunzia piano Atlanta, kwenye majumba ya maonyesho na sherehe za usiku, kisha akahamia Chicago kama maelfu ya watu weusi waliokuwa wakiikimbia Kusini. Huko akaongoza bendi ya Ma Rainey, malkia wa wakati ule wa blues, muziki wa majonzi na mapenzi wa watu weusi wa Kusini, akajulikana kwa jina la Georgia Tom. Mwaka 1928 yeye na mpiga gitaa Tampa Red walirekodi "It's Tight Like That", wimbo wa mafumbo ya chumbani ambao hakuna mzee wa kanisa angeucheza mbele ya wajukuu. Uliuzika sana.

Mtu huyohuyo ndiye anayeitwa baba wa injili.

Katika miaka ileile ya mafumbo ya chumbani, Dorsey alikuwa akitunga nyimbo za dini na kuzipeleka kwenye makanisa ya Chicago. Makanisa makubwa ya Kibaptisti na Kimethodisti hayakuzitaka. Kwaya zao zilisoma nota na kuimba nyimbo nzito za Ulaya, na waumini wa tabaka la kati walijivunia utulivu wa ibada zao. Kupiga makofi, kulia kwa sauti, kupandwa na Roho hadi kuanguka, hayo yote waliyahesabu kuwa mambo ya mashambani waliyoyaacha nyuma. Dorsey alikuja kusimulia baadaye, kwa majivuno kidogo, jinsi alivyotupwa nje ya makanisa bora kabisa nchini. Waliomtupa hawakuwa wajinga wa muziki. Walizisikia noti za blues, zile zinazopindishwa kidogo chini ya mahali pake, wakajua zimetoka wapi.

Agosti 1932 Dorsey alikuwa St. Louis kikazi alipopata habari kwamba mkewe Nettie amefariki akijifungua. Mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Katika msiba huo alitunga "Take My Hand, Precious Lord", juu ya tuni ya wimbo wa zamani wa kitabuni. Huenda hakuna wimbo mwingine wa karne ya 20 ulioimbwa kwenye misiba ya watu weusi wa Marekani kuliko huo. Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, akiwa kwenye baraza ya hoteli Memphis, Martin Luther King alimwomba mwanamuziki mmoja aupige kwenye mkutano wa usiku ule. Risasi ilimfikia muda mfupi baadaye.

Lakini uchungu peke yake haukuufungua mlango wa kanisa. Dorsey alikuwa mfanyabiashara. Alichapa nyimbo zake karatasi moja moja na kuziuza kwa senti, akisaidiwa na Sallie Martin, mwanamke mwenye sauti nzito na akili ya hesabu, aliyezunguka naye kuanzisha kwaya mji baada ya mji. Waliunda pia mkutano mkuu wa kitaifa wa kwaya za injili. Wachungaji waligundua kwamba kwaya ya namna hiyo inajaza viti, hasa viti vya wahamiaji wapya kutoka Mississippi na Alabama waliokuwa wakiona ibada za mjini zimepoa. Miaka ya 1930 ilipokwisha, muziki uliofukuzwa ulikuwa umeshika mimbari. Watoto waliozaliwa wakati huo, akina Sam Cooke na Aretha, waliukuta hapo wakadhani ulikuwapo siku zote.

Wanawake wawili, njia mbili

Mahalia Jackson alizaliwa New Orleans mwaka 1911, akahamia Chicago akiwa binti wa miaka ya ujana. Alizunguka na Dorsey kuzitangaza nyimbo zake mpya, na utotoni alikuwa amezisikiliza sana santuri za Bessie Smith, mwimbaji wa blues. Unamsikia Bessie ndani yake. Walimwendea mara nyingi na fedha ili aimbe blues, akakataa maisha yake yote. Mwaka 1947 alirekodi "Move On Up a Little Higher", utunzi wa mchungaji W. Herbert Brewster wa Memphis, na santuri hiyo ikauzika kwa wingi ambao injili haikuwahi kuuona. Mwaka 1950 aliimba Carnegie Hall, New York. Ndiye aliyesimama karibu na Martin Luther King alipohutubia mjini Washington tarehe 28 Agosti 1963, akampazia sauti awaeleze watu kuhusu ndoto yake, ile iliyoipa hotuba hiyo jina.

Hata yeye, mlinzi wa mpaka, alilalamikiwa kanisani kwamba anatikisa mwili mno.

Njia ya pili ni ya Sister Rosetta Tharpe, na hapa nakiri nina upendeleo. Alizaliwa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915. Mama yake alikuwa mwinjilisti wa Church of God in Christ, dhehebu la Kipentekoste ambalo halikuona haya kuleta ngoma, matari na gitaa ibadani. Mtoto alipiga gitaa mbele ya watu tangu udogo. Mwaka 1938 akaenda kuimba Cotton Club, ukumbi wa starehe wa New York, akiwa na nyimbo za Mungu mkononi, na mwaka huohuo akarekodi "Rock Me". Huo ulikuwa wimbo wa Dorsey uliorekebishwa maneno machache, kiasi kwamba mcha Mungu alisikia sala na mlevi alisikia mengine. Miaka 18 kabla ya "Lovable", mchezo huo ulikuwa umeshachezwa, na wimbo uliochezewa ni wa Dorsey mwenyewe.

Tharpe alipiga gitaa la umeme kwa namna ambayo wanaume wa rock and roll walikuja kuiga na kusifiwa. "Strange Things Happening Every Day", iliyotoka mwaka 1945, ilipanda hadi nafasi ya pili kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Ndiye aliyempandisha jukwaani kijana wa Macon aliyekuja kuwa nyota wa rock and roll kwa jina la Little Richard. Mwaka 1951 aliuza tiketi za harusi yake mwenyewe, ikafungwa kwenye uwanja wa besiboli Washington mbele ya watu zaidi ya 20,000, kisha bibi harusi akawatumbuiza kwa gitaa. Alifariki mwaka 1973, na kaburi lake Philadelphia lilikaa miongo mitatu bila jiwe la jina. Rock and Roll Hall of Fame, taasisi inayowaenzi waliojenga muziki huo, ilimkumbuka mwaka 2018, wakati waliojifunza kwake walikuwa wameingia zamani. Kanisa lilimwona ameiendea dunia, nayo dunia ilimwona mwimbaji wa kanisa, kwa hiyo kila upande ulimwachia mwenzake kazi ya kumkumbuka.

Nini hasa kilihama?

Wanaposema soul "imetoka injili", wengi humaanisha hisia. Hisia hazishikiki. Tuangalie vitu vinavyosikika.

Cha kwanza ni kuitikiana. Kiongozi anatupa mstari, waitikiaji wanaudaka. Cha pili ni silabi moja kuvutwa juu ya noti nyingi, sauti ikipanda na kushuka kabla ya kutua. Cha tatu ni mwendo wa polepole ambao ndani ya kila pigo kuna mapigo matatu madogo, ule unaomfanya mtu ayumbe kushoto na kulia bila kuambiwa.

Cha nne ndicho kikubwa, nacho ni mwisho wa wimbo. Beti zimekwisha, lakini wimbo haukwishi. Piano na kinanda cha Hammond vinabaki vikizunguka mlemle, kwaya inarudia maneno mawili au matatu, na kiongozi anaachiwa uwanja: anasema, analia, anapiga kelele, anashuka hadi kunong'ona, anaanza tena. Aliyewahi kukesha kwenye mkesha wa maombi na kuona pambio moja la mistari miwili likienda robo saa, huku mwimbishaji akilipandisha kila linapotaka kupoa, hahitaji kuelezwa zaidi. Kurudia ndiko kunakoleta moto.

Kwateti, yale makundi ya sauti za wanaume, zilifanya kazi hiyo kwa wawili. Kiongozi wa kwanza alilainisha ukumbi, wa pili akauchoma. Archie Brownlee wa Five Blind Boys of Mississippi alikuwa na ukelele uliokata hewa, na Julius Cheeks wa Sensational Nightingales alikwaruza koo hadi ukamwonea huruma. Wilson Pickett, aliyekuja kuwa nyota wa soul, alimsikiliza Cheeks kwa makini. James Brown, nyota mwingine wa soul, aliimba injili akiwa kijana gerezani Georgia, na "Please, Please, Please" ya mwaka 1956 ni kile kipande cha mwisho wa wimbo wa kanisani kilichofanywa wimbo mzima: mwanamume mmoja anamsihi mwanamke kwa neno moja, tena na tena, wenzake wakiitikia. Ondoa mwanamke, weka Yesu, na dada wa mstari wa mbele angesimama.

Anayepoteza na asiyepoteza

Ray Charles hupewa sifa ya kufungua mlango. Mwaka 1954, akiwa safarini kwa gari, alisikia redioni wimbo wa Southern Tones uitwao "It Must Be Jesus". Yeye na mpiga tarumbeta wake Renald Richard wakaugeuza. Novemba mwaka huo waliurekodi Atlanta, kwenye studio ya kituo cha redio cha chuo, na mwaka 1955 "I Got a Woman" ikashika namba moja kwenye chati ya rhythm and blues, yaani ile ya muziki wa watu weusi. Baadaye "This Little Light of Mine" ikawa "This Little Girl of Mine". Hakujisumbua hata kuficha.

Lawama hazikutoka kanisani peke yake. Big Bill Broonzy, mzee wa blues, naye alilalamika kwamba kijana anachanganya blues na nyimbo za dini, na kwamba sauti ile mahali pake ni kanisani. Mpaka ulikuwa na walinzi pande zote mbili.

Ila tofauti kati ya Ray Charles na Sam Cooke ni kubwa kuliko kufanana kwao. Charles hakuwahi kuwa nyota wa injili. Hakuwa na waumini wa kuwapoteza wala kundi la kulisaliti. Cooke alikuwa na vyote. Mtoto wa mchungaji, mzaliwa wa Clarksdale, Mississippi, aliyekulia Chicago, aliingia Soul Stirrers mwaka 1950 kuziba nafasi ya R.H. Harris, mtu aliyeheshimiwa kuliko kiongozi yeyote wa kwateti. Ndani ya miaka michache akawa amefanya jambo jipya: vijana wa kike walianza kujaa viti vya mbele kwenye tamasha za injili, na hawakuwa wamefuata mahubiri tu. Maisha ya kwateti yalikuwa ya gari moja, barabara ndefu na fedha za mlangoni zinazogawanywa kwa watu watano au sita. Cooke aliona watu wenye kipaji pungufu ya chake wakivuna mara nyingi zaidi upande wa pili.

Mwaka 1957 alirekodi "You Send Me". Art Rupe, mwenye kampuni ya Specialty, alifika studio akakuta waitikiaji wazungu wenye sauti laini. Akakasirika, si kwa sababu wimbo ni wa kidunia bali kwa sababu aliona haunuki kanisa hata kidogo. Ugomvi ukaisha kwa prodyuza Bumps Blackwell kuondoka na Cooke pamoja na rekodi zile badala ya malipo aliyokuwa akidai. Kampuni changa ya Keen ikautoa, ukawa namba moja kwa weusi na kwa wazungu. Nafikiri hapa ndipo maelezo ya kawaida yanapochanika kabisa. Mzungu mwenye kampuni alitaka Cooke abaki na sauti ya kanisani kwa sababu inauzika kwa weusi. Cooke alitaka kuuza kwa wote.

Naye hakuishia kuimba. Alianzisha kampuni yake ya kumiliki tungo na, pamoja na J.W. Alexander, kampuni ya santuri, SAR, iliyorekodi injili na soul chini ya paa moja. Soul Stirrers waliomkosa wakarekodi kwake. Kundi la ndugu watano wa ukoo wa Womack, watoto wa mtu wa kanisa, waliimba kwake wimbo wa dini, kisha tuni hiyohiyo ikabadilishwa maneno ikawa "Lookin' for a Love", na kundi likaitwa The Valentinos. Alichofanyiwa mwaka 1956 kwa jina la bandia, sasa alikifanya kama utaratibu wa kiwanda.

Oktoba 1963 alikataliwa chumba kwenye hoteli ya wazungu Shreveport, Louisiana, akakamatwa na polisi alipopinga. Mapema 1964 alirekodi "A Change Is Gonna Come". Si wimbo wa mapenzi, na hata injili si injili kamili, maana katikati mtoto wa mchungaji anakiri kwamba anaogopa kufa kwa sababu hajui kilichoko huko juu. Aliuawa kwa risasi Los Angeles tarehe 11 Desemba 1964, akiwa na miaka 33. Wimbo ulitoka kwenye santuri yake ndogo siku chache baadaye.

Binti wa mchungaji maarufu

Kisa cha Aretha Franklin kinavuruga zaidi simulizi ya kukengeuka, kwa sababu kanisa alilotoka lilikuwa lenyewe limekwisha kuingia dunia ya santuri. Baba yake, C.L. Franklin wa New Bethel Baptist Church, Detroit, aliuza mahubiri yake kwenye santuri, akasafiri nayo kama mwanamuziki na msafara wake. Nyumbani kwao walipita Mahalia Jackson, Clara Ward, Dinah Washington na Sam Cooke. James Cleveland, aliyekuja kuwa mfalme wa kwaya za injili, alikuwa miongoni mwa waliomfundisha piano. Aretha alirekodiwa akiimba kanisani kwa baba yake mwaka 1956, akiwa na miaka 14. Alipotaka kuimba nyimbo za kidunia, baba hakumlaani. Alimsaidia kupata mkataba, na mwaka 1960 akasaini na kampuni ya santuri ya Columbia.

Columbia walimvika okestra kwa karibu miaka sita, na sauti ikawa nzuri bila kuuma. Alipohamia kampuni ya Atlantic, prodyuza Jerry Wexler alimpeleka Muscle Shoals, Alabama, Januari 1967, akamketisha kwenye piano apige mwenyewe kama alivyozoea kanisani. Nyuma yake walikuwa vijana wazungu wa Kusini. Siku ile iliharibika kwa ugomvi na pombe, lakini "I Never Loved a Man" ilikuwa imepatikana. Tarehe 14 Februari, New York, akarekodi "Respect".

"Respect" ni utunzi wa mwimbaji wa soul Otis Redding, aliyeutoa mwaka 1965 kama ombi la mume anayerudi nyumbani amechoka. Aretha aliugeuza mdomoni mwa mwanamke. Aliongeza kile kipande anachotaja herufi za jina la wimbo moja moja, na dada zake Carolyn na Erma wakaitikia kwa kasi ya kwaya. Kila mtu anaujua wimbo huo kwa sehemu ambazo Redding hakuziandika.

Sasa fuata fedha, maana hapa watu wengi huchanganya. Kwa sheria, kila wimbo uliorekodiwa ni mali mbili. Mali ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na tuni. Ya pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku ile studio. Redio ya kawaida ya Marekani ikipiga wimbo, hulipa mirabaha kwa wenye utunzi, haimlipi aliyeuimba wala mwenye rekodi. Basi kwa miaka 50, kila kituo kilipopiga "Respect" ya Aretha, fedha zilikwenda upande wa Redding. Redio za mtandaoni na za setilaiti hulipa pia upande wa rekodi, lakini ile ya kawaida bado, licha ya miswada kadhaa kupelekwa kwenye Kongresi. Ndiyo maana Dorsey na karatasi zake za senti, Cooke na kampuni yake ya tungo, na Ray Charles aliyedai umiliki wa rekodi zake alipohamia kampuni ya ABC-Paramount mwaka 1959, wanastahili kusifiwa kwa akili kama wanavyosifiwa kwa sauti. Kampuni ya santuri ya Stax, Memphis, haikuwa makini hivyo: mwaka 1968 wenyewe waligundua kwamba mkataba waliousaini umeipa Atlantic rekodi walizozitoa kupitia kwake, zikiwamo za Otis Redding.

Januari 1972, akiwa kileleni, Aretha alirekodi albamu ya injili kwa usiku mbili kwenye kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, James Cleveland akiongoza. Kwaya ilikuwa ya injili, lakini ngoma, besi na gitaa vilipigwa na wanamuziki wa nyimbo zake za kidunia. Mlikuwamo wimbo wa Marvin Gaye, mwimbaji wa soul. Mlikuwamo pia "Precious Lord" ya Dorsey ikiwa imesukwa pamoja na "You've Got a Friend" ya Carole King, wimbo wa urafiki uliovuma mwaka uliotangulia, na kiungo hakionekani. Baba yake alisimama akawaambia watu kwamba binti huyu hakuwahi kuondoka kanisani. "Amazing Grace" ikapita nakala milioni mbili. Majuma mawili baada ya kurekodi, Mahalia Jackson alifariki, na Aretha akauimba tena "Precious Lord" mazikoni kwake Chicago.

Rafu za duka

Basi ni nani aliyeutoa? Kwa maoni yangu, mpaka wenyewe ulichorwa kwa sehemu kubwa dukani. Kampuni za santuri ziliuza muziki wa watu weusi kwa lebo ya "race", yaani rangi, hadi mwaka 1949 gazeti la Billboard lilipobadilisha chati hiyo kuwa rhythm and blues. Aliyependekeza jina hilo alikuwa mwandishi wake, Jerry Wexler, yuleyule aliyekuja kumketisha Aretha kwenye piano. Mwaka 1969 chati hiyo ikaitwa soul. Injili ilikuwa na rafu yake, wauzaji wake na malipo yake madogo. Mwimbaji aliyehama rafu alionekana amehama imani, wakati mara nyingi alikuwa amehama msambazaji.

Mwaka huohuo wa 1969 kwaya ya vijana wa Kipentekoste wa California, chini ya Edwin Hawkins, ilijikuta chati za pop kwa "Oh Happy Day", wimbo wa kitabuni waliourekodi ili wauze nakala chache kwa marafiki. Kuna viongozi wa dhehebu lao waliochukia kuusikia kwenye redio za kidunia, ingawa haukubadilishwa neno hata moja kumsifu msichana. Staple Singers walivuka na familia nzima, wakashika namba moja mwaka 1972 kwa "I'll Take You There", ambao hadi leo watu hubishana unakupeleka wapi. Al Green, mwimbaji wa soul wa nyimbo za mapenzi, alienda kinyume: mwaka 1976 alifungua kanisa lake Memphis na kuwa mchungaji, na baadaye akarudi pia kuimba mapenzi, bila kufunga kanisa.

Kwetu ugomvi ulikuja na sura nyingine kabisa. Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Walioupiga marufuku waliuona ni uchafu wa kigeni, na sidhani kama kuna aliyewaambia kwamba nusu ya waimbaji wake walianzia shule ya Jumapili. Miaka mitano baadaye James Brown, B.B. King na Bill Withers walipanda jukwaani Kinshasa, kwenye tamasha la Zaire 74, na serikali ya huko, iliyojinadi kwa kurejea uasilia, iliwapokea kama ndugu waliorudi nyumbani.

Aretha alifariki tarehe 16 Agosti 2018. Ibada ya mazishi yake, Greater Grace Temple, Detroit, ilichukua saa nane hivi. Shirley Caesar na Clark Sisters wa injili waliimba kwenye jukwaa moja na Stevie Wonder, Chaka Khan na Ariana Grande, injili na mapenzi zikipokezana mbele ya jeneza. Baadaye familia ilitoa lalamiko hadharani. Lilihusu mahubiri.